Kwa Mujibu wa Kifungu

Karatasi arobaini na tatu, kalamu moja nyekundu,
chai imeshaota ngozi kikombeni.
Zoezi la ufahamu, Kiingereza, kidato cha pili:
kifungu kinahusu filamu iliyopigwa hapa hapa Tororo,
ikaenda mji wenye theluji, ikapewa tuzo tatu,
na mwongozaji akalia jukwaani.

Swali la kwanza: filamu ilipata tuzo ngapi?
Wamepata wote, hata Obbo,
ambaye jina lake mwenyewe huliandika kwa kubahatisha.
Swali la tano: taja kosa moja la kihistoria.
Jibu ninalo kwenye mwongozo, aya ya nne:
lori la wanajeshi liliundwa miaka kumi baada ya vita.

Nyaketcho ameandika, kwa Kiingereza kinachochechemea:
Bibi yangu hakubeba mtoto. Alibeba cherehani.
Mtoto alibaki ndani ya nyumba.

Nikatia mkasi.
Kando nikaandika: Jibu kwa mujibu wa kifungu.
Ndiyo kanuni, huihubiri kila muhula:
msiniletee ya nyumbani, msiniletee ya redioni,
aliyetunga mtihani hamjui shangazi yenu.

Ndipo nikaona alipewa mistari miwili tu ya nukta,
na sentensi ya tatu imepanda ukingoni,
imejipinda kama siafu anayekwepa maji:
Alirudi kumchukua kabla ya giza. Mtoto ni mama yangu.

Mama yake namjua.
Anauza maharage kando ya reli, kwa debe,
na hupunja kidogo, kama wenzake.
Nilinunua kilo mbili nisizozihitaji, nikauliza.
Akacheka mpaka kipimo kikamwagika.
"Cherehani ilikuwa ya mkopo, mwalimu.
Mimi sikuwa na deni la mtu."

Akanieleza na ya filamu.
Mvua ilitoka kwenye gari la zimamoto.
Bibi Adikini alipanga foleni tangu alfajiri,
elfu ishirini kwa siku, na soda.
Wakampa leso na mdoli wa plastiki.
Akauliza, "Na cherehani yangu?"
Mwongozaji akajibu kupitia mkalimani:
"Mama, ukikimbia na chuma
watazamaji hawatakupenda."
Akaufunga mdoli mgongoni. Elfu ishirini ni elfu ishirini.

Jumamosi niliazima kompyuta ya mwalimu wa zamu.
Lori nimeliona; mtaalamu hakukosea.
Nimeona pia vifungo vya sare vinavyong'aa mno,
na mhusika mkuu, jino lake halina doa
baada ya siku tisa msituni.
Dakika ya sitini na moja, umati unakimbia,
Mwamba wetu umesimama nyuma yao
kama mtu aliyeombwa asicheke.
Wa tatu kutoka kushoto ni mgongo mpana, leso ya njano,
sekunde nne, haonekani uso.
Mkono wa kulia unarudi nyuma, unapapasa fundo.
Hatua tano.
Mkono unarudi tena, unapapasa.

Nikarudisha nyuma, nikatazama upya.
Wanawake wengine wote wanaupunga mikono hewani,
wanapiga mayowe kama walivyoagizwa.
Yeye anapapasa fundo.

Kifungu hakisemi lolote kuhusu fundo.
Aya ya nne ni lori, aya ya tano ni tuzo,
aya ya sita ni mtaalamu akilalamika
kwamba wasanii hawaheshimu ukweli.

Wino mwekundu haufutiki.
Pembeni mwa mkasi nimeandika nusu,
nikaikata,
nikaandika moja, kubwa, yenye kofia.
Jumatatu mkuu wa idara atakuja kuhakiki,
mtu mwema, macho yake kama ungo wa kupepeta.
Ataweka kidole chake juu ya hiyo moja
na kuniuliza
imetoka aya ya ngapi.