Naisi

Mgeni alolala Shela kainua kofia yangu ya vito,
miezi minne ya sindano,
akasema: naisi.
Akamwambia punda aliyeziba kichochoro: naisi.
Kahawa, naisi. Paka wa Langoni mwenye jicho moja,
naisi.

Nikamuuliza Famau, msomi wetu wa kidato cha pili:
neno hili hufuata ngeli gani?
Akacheka. Halifuati, shangazi. Halibadiliki.

Kumbe ndiyo sababu limepita juu ya kazi yangu
kama mtu asiyevua viatu mlangoni.
Kwetu sifa huinama kwanza:
kofia nzuri, kitundu kizuri, uzi mzuri,
macho mazuri, yaliyobaki.
Hukiuliza kitu jina lake
ndipo ikisifu.

Marehemu mama hata hiyo hakunipa.
Aliipindua kofia, akasaka fundo kwa ndani,
akalikosa, akasema: Si haba.
Usiku ule nilisahau kula.

Mgeni kalipa, hakupatana bei.
Jioni Famau kaonja samaki wa nazi:
Naisi, shangazi!
Nikamwongezea mnofu.
Huo ni mchuzi, nikamwambia.
Anza na m.