Kivumacho

Mwadi aliishusha kwenye toroli la makaa,
ampli ya lampu, nzito kama kabati la sahani,
kitambaa cha mbele kimeliwa na panya pembe moja.
"Mnunuzi yuko Likasi," alisema. "Ikivuma, nusu bei.
Nataka bei nzima. Jumamosi."
Ilikuwa Alhamisi, Kamalondo, na umeme ulikuwa na huruma.

Nikaiwasha. Nikangoja lampu zipate wekundu.
Ikavuma
kabla gitaa halijachomekwa, kabla mtu hajasema neno.
Si kelele. Mvumo wa mtu
anayejua jambo na amefumba mdomo.

Wahenga walisema kivumacho hakidumu.
Wahenga hawakuwahi kufungua ampli.

Kwanza sikio. Mvumo una koo zake:
ule wa mia kwa sekunde ni mkali, una meno,
hutoka kwenye kondensa zilizokauka;
ule wa hamsini ni mnene, hauna haraka,
huingia kwa njia za panya.
Hii ilikuwa nayo yote miwili.

Zima. Chomoa. Ngoja.
Mkono mmoja mfukoni, wala si madaha:
umeme usipate daraja la kuvukia moyo.
Volti mia nne hulala ndani
hata waya ukishatoka ukutani,
kama hasira ya mtu mpole.
Nilizimwaga polepole kupitia rezista,
nikapima mara mbili.
Fundi Kyoni aliyenifunza kazi alipima mara moja.

Kondensa tatu zilikuwa zimevimba, zimetoka chumvi.
Nikaweka mpya, ndogo kama kidole gumba.
Nyuki wakaondoka.
Ng'ombe akabaki.

Ijumaa nikachomoa lampu ya kwanza: kimya.
Nikairudisha: mooo.
Basi anaingilia mapema, karibu na mlango.
Nikabadilisha lampu, nikasokota upya nyaya za moto,
nikasukuma kila kiungo kwa kijiti cha mwanzi.
Wapi.
Nikapindua kifuniko nipate pa kuweka skrubu,
na ndani yake, kwa penseli:
*Huu waya usikatwe.* Na mshale.

Mshale ulikwenda kwa waya mweusi, mnene kupita haja,
umelehemiwa kwa bati nyingi, kazi ya mkono usiosomea,
kutoka tundu la mikrofoni hadi ubavu wa chuma,
kisha nje, hadi kibanio cha bomba la maji.
Ardhi mbili kwa mwili mmoja.
Ndilo zizi. Ndimo ng'ombe anamozunguka.

Koleo lilikuwa limeshafunguka mkononi mwangu.

"Mwandiko wa baba," Mwadi akasema.
"Mikrofoni ilikuwa inamng'ata mama. Midomo.
Usiku mmoja kwenye klabu ya wachimbaji
alianguka katikati ya ubeti.
Baba hakugusa gitaa wiki nzima,
alikuwa chini ya hii kitu na tochi.
Watu wakalalamika: ampli yako inanguruma.
Akawajibu: acheni ingurume, mke wangu anaimba."

Nikafunga koleo.

Sikuukata. Niliuhamisha
ncha moja, sentimita tisa,
ardhi zote zikakutana kwenye skrubu moja ya shaba.
Kibanio nikakisugua kutu, nikakirudisha kwenye bomba.
Lile bati lake baya la ncha ya pili nililiacha.
Halikuwa na kosa.

Nikawasha. Wekundu. Volumu hadi mwisho.
Tukamsikia jirani akikwangua sufuria ya bukari.
"Imekufa?" Mwadi akauliza.
"Sema kitu," nikampa mikrofoni.

Aliiangalia, akaifuta kwa pindo la kitenge,
akaisogeza mdomoni, akasimama kabla haijafika:
upana wa vidole viwili.