Herufi Tatu

Marela alianza kuchechemea Agosti,
kiwele upande mmoja kigumu kama jiwe la kusagia,
na chuchu ikatoa, mahali pa maziwa,
kitu kizito, rangi ya haradali,
ambacho baba hakukipa jina.
Jina alimpa jirani.
"Ni Delmiro. Ni wale ng'ombe wake wa Asturias."
Lango kati ya mashamba likafungwa kwa waya,
na salamu zikafungiwa humo humo.

Nikabeba usaha hadi Lugo
ndani ya boksi la barafu,
ubavuni mwa jibini ambalo mama alimtumia shangazi.

Niliwahi kuapa sitaandika shairi la usaha.
Lakini kwenye sahani ya damu ya kondoo
viliota vidoa vidogo kuliko chembe za chumvi,
kila kimoja na duara la mwanga pembeni:
pale kilipokwisha kula.

Mashine, ndogo kama sega la mfukoni,
ikasoma usiku kucha,
A, T, G, C,
G, G, A, T,
milioni mbili na laki tatu,
mkufu usio na kifungo,
kitabu kisicho na ukurasa wa kwanza.

Nikaweka sampuli bega kwa bega.
Ya ng'ombe wa Delmiro
(alinifungulia zizi bila neno, akanishikia tochi):
tofauti elfu kumi na mbili.
Ya puani mwa Marela mwenyewe,
niliyoichota kwa kijiti cha pamba
ili tu kukamilisha orodha:
herufi tatu.

Tatu.
Huyu hakuvuka waya wowote.
Alilala humo tangu Marela ni ndama,
akivuta naye ukungu wa mto Miño,
mpangaji asiyedaiwa kodi,
hadi nzi akatoboa ngozi ya chuchu
na mlango ukabaki wazi.
Vitabuni huitwa nyemelezi.
Kikulacho, basi, hakikuwa hata nguoni.
Kilikuwa pumzini.

Nikamsomea baba matokeo jikoni.
Akauliza kama mashine hukosea.
Nikasema hukosea,
ndiyo maana kila herufi tunaisoma mara mia.
Akasogeza kikombe. Akakirudisha.

Marela amebaki na chuchu tatu, na hasira za kutosha.
Jana koleo halikuwepo ukutani.
Langoni, waya umekatwa
ila haujaondolewa:
ncha mbili zinaning'inia,
zinatazamana.