Ngazi ya Saba

Łódź, Jumamosi, barafu imeganda dirishani.
Shangazi Bogumiła ameng'oa bamba la cherehani
kwa bisibisi fupi kama kidole gumba.
"Usiitazame sindano," anasema. "Tazama chini yake."

Sindano ya mkono hupita nzima,
uzi ukiifuata kama mkia.
Hii tundu lake liko nchani.
Huchungulia tu gizani, ikarudi.

Nazungusha gurudumu kwa kiganja.
Inashuka mpaka mwisho,
inapanda upana wa unywele,
na uzi, uliozoea kuvutwa, unalegea,
unatuna ubavuni: kitanzi
kidogo kama sikio la panya.
Kulabu inapita, inakidaka,
inakizungusha bobini yote.
Tak. Nyuzi mbili zimekamatana.

"Umeona? Ikishuka haishoni. Hushona inaporudi."

Chini yetu mlango unabamizwa.
Ni Ignacy, aliyekuwa mumewe.
Mwaka wa tisa huu, hakuna apandaye wala ashukaye
kwenda kwa mwenziwe.
Ila kila Jumamosi mfuko wa viazi
hukutwa ngazi ya saba, katikati,
na Jumapili hukutwa sufuria ya supu, ina joto.

Shangazi hageuki. Analegeza skrubu robo mzunguko.
"Ukikaza wa juu, fundo hupanda, watu wakaliona.
Ukikaza wa chini, huzama.
Fundo zuri hukaa ndani ya kitambaa."

Ananipa kipande cha jinzi. Nashona, navuta kwa meno.
Hakifumuki.
Jikoni kabichi imeshakatwa,
na viazi vya wiki iliyopita vimekwisha.