Vizibo Kumi na Vinane

Usiku wa kuamkia mechi, Kasese, umeme umekatika.
Napanga vizibo vya soda mezani:
huu uwanja wenye umbo la yai, hii milingoti minne ya mianzi.
Wale sita wa nyuma ndio wanaoninyima usingizi.

Baluku hadaki. Baluku anapiga ngumi tu,
mpira unatoka, wamama wa sokoni wanauliza,
"Hivi yule naye anacheza?"
Anacheza. Mtu wake hajafunga tangu Pasaka.

Thembo anadaka. Anapaa,
na watoto wa Kilembe wanapaa na jina lake.
Ila akishapaa, mlango nyuma yake uko wazi.
Mgema akisifiwa... siumalizi,
methali yenyewe inamcheka kwa jina.

Kule naye mrefu, mrefu na mzito.
Warefu watatu, na wingu limeshika mlima!
Kesho nyasi zitalowa, mpira utakuwa sabuni,
na wale wafupi wa Bwera watapita chini ya makwapa yetu
kama Nyamwamba ikifurika.

Mrefu mmoja atoke.
Nimeondoa, nimerudisha, nimeondoa,
mshumaa umekuwa mfupi kuliko Muhindo,
ambaye sasa ana nafasi na hajui.

Kizibo kimoja nikakitia mfukoni.

Asubuhi, kanisani, kila nikipiga goti
kinanichoma paja.
Mlangoni ananisubiri, viatu vyake vimeshang'arishwa:
"Kocha, leo nyuma nakaa na nani?"

Ana miaka kumi na tisa.
Nyumbani huniita dada.