Kufuli Tatu

Mlango wa chumba cha barafu una kufuli tatu,
na funguo zake hulala nyumba tatu mbalimbali:
moja Kirumba, moja Pasiansi,
ya tatu kwa Mkurugenzi mwenyewe, chini ya mto.
Mabondo yanahesabiwa asubuhi, yanahesabiwa jioni.
Getini akina mama wanavua buti,
wanakung'utwa aproni, wanapapaswa hadi kilembani,
maana bondo moja kavu ni ada ya muhula.

Ghorofa ya pili, dirisha likitazama ziwa,
kompyuta ya mishahara imebandikwa karatasi ya njano:
sangara1234.

Niliandika barua mara nne.
Ya kwanza nilisahau kuweka tarehe.
Ya nne ilirudi na duara la kikombe cha chai
na wino wa kijani: "Tumeona. Bajeti ijayo.
Wewe shughulikia printa."

Basi Jumanne wakaja.
Hawakuruka ukuta, mbwa hawakubweka,
mlinzi Nkwabi alikuwa macho, naapa, nilimwona.
Wakavua watu mia nne na kumi na wawili,
majina, namba za vitambulisho, alama za vidole,
na jina la mama mzazi wa kila mmoja.
Wakaondoka na wote, na wote wakabaki kazini.

Kabula wa meza ya minofu akapigiwa simu.
Sauti laini ikamwita kwa jina la ubatizo,
ikamtajia mshahara hadi senti.
Kufika adhuhuri, fedha za mabati ya nyumba yake
zilikuwa zimehama.

Mkurugenzi akakagua kufuli. Nzima, zote tatu.
"Sasa kimepungua nini?"

Sikumjibu. Huyu mtu nimemwona
akifunua shavu la samaki kwa kidole gumba
akasema amekufa lini, na barafu ilichelewa mwalo gani.
Hajawahi kukosea.

Jioni akapanda ngazi peke yake, buti zikidondosha maji,
akavuta kiti cha plastiki hadi mezani kwangu.
"Hii mali yako," akasema, "ikioza, unanusa wapi?"

"Hainuki, mzee. Ndiyo shida yake."

Akanyamaza. Huko nje ziwa lilikuwa la kijivu tu.
Akabandua karatasi ya njano, akaikunja mara mbili,
akaitia mfukoni kama risiti ya deni.
Akaniomba neno jipya, refu, lisilo na samaki ndani.
Nikamwandikia.
Akalisoma polepole, midomo ikicheza,
kisha akatazama kioo, akatazama ukuta:

"Na hili," akauliza, "tulibandike wapi?"