Ripoti ya Zamu ya Usiku

Saa tisa na dakika nane, Tukuyu. Mvua.
Ardhi ilijikuna mgongo kama ng'ombe kwenye mti,
chupa za dripu zikagongana, taa ikazimika.

Mitungi ya oksijeni haikuanguka.
Minyororo ya baiskeli niliyoinunua Machi
(mkacheka: matroni anafunga mitungi kama mbuzi)
ilishika.

Tuliwatoa hadi nyasini, kwa blanketi, kwa migongo.
Nikaita majina kwa tochi ya simu:
Subilaga, yupo. Gwantwa na kichanga, wapo.
Thelathini. Daftari linasema thelathini na mmoja.

Ambakisye, mfupa wa paja,
mguu umening'inizwa kwa kamba na matofali mawili.
Kitanda chake hakipiti mlangoni;
tulilijua hilo tangu mwaka juzi.

Nilimkuta na Anyosisye, mlinzi,
amepiga magoti gizani,
ameyakumbatia matofali yasiyumbe.
"Toka nje," nikamwambia.
"Nani atayashika?"

Mtetemo wa pili. Wa tatu, hafifu.
Hadi Mlima Rungwe ukaonekana.

Waliojeruhiwa: hakuna.
Uharibifu: ufa, wodi ya wanaume; vikombe.
Maombi: mlango upanuliwe.
Fomu haina nafasi ya mlinzi.
Nimemwandika pembeni.